Mwanangu anapenda ndege za kivita: jibu kwa mzazi wa Babati

Mzazi mmoja wa mjini Babati ametuletea barua ambayo tumeisoma zaidi ya mara moja. Mwanawe, aliye kidato cha pili, tangu utotoni hana akipendacho kama ndege. Babati si mji wa ndege. Nyingi zinazoonekana ni zile zipitazo juu mno, zikiacha mstari mweupe upande wa mlima Kwaraa. Hata hivyo kijana huweka jembe chini akazitazama mpaka zitoweke, na sasa ametamka wazi kuwa anataka kurusha ndege za jeshi. Mama yake analia. Baba anatuuliza: je, tumzuie?

Hatukuona vema kumjibu kwa maneno matupu. Tumechagua kumsimulia maisha ya mtu wa nchi jirani, Jenerali Francis Omondi Ogolla wa Kenya.

Ogolla alijiunga na jeshi tarehe 24 Aprili 1984, na wakati huo una maana yake. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa Jeshi la Anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali, wakashindwa. Jeshi hilo likavunjwa, hata jina likabadilishwa, na Mahmoud Mohamed, afisa wa jeshi la nchi kavu, akakabidhiwa kazi ya kuliunda upya. Kwa hiyo kijana huyu wa Siaya aliingia katika nyumba iliyokuwa bado ikitazamwa kwa shaka. Mwaka 1985 alipata cheo cha luteni usu, kisha akafunzwa na Jeshi la Anga la Marekani kuwa rubani wa ndege za kivita. Alirusha F-5, ndege iwezayo kwenda kasi kuliko sauti.

Hapa tunamwomba baba aketi na mwanawe. Wengi hudhani kazi ya rubani huanzia angani, ilhali sehemu kubwa hufanyika chini: hesabu, fizikia, elimu ya hali ya hewa, na ukaguzi wa ndege unaorudiwa kila safari bila kuruka hatua hata moja. Kupenda ndege ni rahisi; kuzipenda hesabu zake ni jambo jingine.

Mwaka 2018 Ogolla alikuwa kamanda wa Jeshi la Anga, na Aprili 2023 akateuliwa Mkuu wa Majeshi.

Sasa tuje kwenye machozi ya mama, ambayo hatuyadharau. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ya jeshi aliyokuwamo ilianguka Elgeyo Marakwet, katika ziara ya kukagua shule zilizofungwa kwa sababu ya ujambazi. Alifariki pamoja na wenzake tisa, wawili walinusurika. Zilikuwa zimebaki siku 6 tu atimize miaka 40 jeshini. Alizikwa kwao Siaya tarehe 21, ndani ya saa 72 na bila jeneza, kwa wosia wake mwenyewe. Alikuwa Mkristo, na huko Kenya mazishi hayo yalizungumzwa sana. Wasomaji wetu, waliozoea sanda na haraka ya kumsitiri maiti, pengine hawakuyastaajabia.

Basi hatuwezi kumwambia mama kwamba kazi hii haina hatari. Tutamwambia tu kwamba rubani huyo wa ndege za vita, siku ajali yake ilipofika, alikuwa abiria, na aliyokwenda kuyaangalia ni madarasa.

Majuma mawili baadaye, tarehe 2 Mei 2024, Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed aliteuliwa kuliongoza Jeshi la Anga la Kenya, mwanamke wa kwanza kuongoza tawi la jeshi nchini humo. Dada yetu huyu hakupanda kwa urubani. Alianzia Kikosi cha Wanawake, enzi wanawake wakitumikia mbali na wanaume, na mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufikia cheo hicho cha meja jenerali.

Barua ya Babati inamtaja pia binti mdogo, ambaye husimama pembeni ya kaka yake ndege zipitapo. Juu yake baba hakuuliza lolote.