Tumbo la Sungura na Amani ya Nyumba

Katika vijiji vya Fizi, na hata katika mitaa ya Baraka kando ya Ziwa Tanganyika, mara nyingi mfugo wa kwanza ambao mtoto aweza kuuita wake ni sungura. Hahitaji malisho mapana wala mchungaji. Banda la vijiti nyuma ya nyumba lamtosha. Jike huchukua mimba kwa siku 31 hivi, na mara nyingi huzaa watoto 4 hadi 8. Mwanafunzi mwenye majike wawili na dume mmoja, mambo yakienda vema, aweza kujipatia madaftari na sehemu ya ada yake ya shule.

Lakini mambo hayaendi vema kila mara. Kilio ni kile kile: jioni sungura alikula vizuri, asubuhi ameonekana amekufa. Hapo baadhi ya watu hutaja kijicho cha jirani, na neno hilo likiisha kutamkwa, huua ujirani wenyewe. Kwa hiyo twapenda leo kuwaonyesha wasomaji wetu kwamba vingi vya vifo hivyo asili yake ni tumbo, na kwamba kinga yake imo mikononi mwetu.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Fizi. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliwalazimisha wengi kuvuka ziwa hadi Kigoma, na jamaa nyingi ziliishi katika kambi ya Nyarugusu. Waliorudi walianza tena bila kitu. Ng'ombe ni mali ya miaka mingi, lakini sungura ni mali ya miezi. Hata ziwa lenyewe lina majira yake: mwaka 2024 nchi zinazolizunguka zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, ili samaki wapate kuzaana. Nyavu zikiwa zimeanikwa, nyama ya sungura ni msaada mkubwa chunguni.

Basi tumtazame mnyama mwenyewe. Ng'ombe hucheua, sungura hacheui, ingawa kitabu cha Walawi chamhesabu pamoja na wacheuao, maana midomo yake haitulii kamwe. Muumba amempa njia nyingine. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, sungura ana kifuko kikubwa, na ndani yake wamo vijidudu wasiohesabika ambao huyachachusha majani. Kutoka humo hupatikana mavi ya namna mbili. Ya kwanza ni vidonge vikavu tuvionavyo sakafuni. Ya pili ni laini, yenye utando, yaliyoshikamana kama kichala kidogo. Hayo sungura huyala mwenyewe, akiyapokea kwa kinywa mara yatokapo. Mwaka 1882 mganga wa wanyama Mfaransa aitwaye Morot aliieleza desturi hiyo. Si uchafu wala si wazimu. Ndivyo chakula kipitavyo tumboni mara ya pili, naye akapata protini na vitamini zilizotengenezwa na vijidudu wale. Kwa hiyo mtoto asimpige sungura amwonapo akifanya hivyo.

Kinachoendesha kazi hiyo yote ni majani yenye nyuzinyuzi. Hayo huusukuma utumbo usilale, tena hupunguza meno, kwa maana meno ya sungura hayakomi kukua maisha yake yote. Lakini unga ukizidi, vijidudu wabaya hushinda wale wema, tumbo hujaa hewa, na sumu huenea mwilini. Naye sungura hawezi kutapika: kilichokwisha kuingia hakina njia ya kurudia.

Hapo ndipo tunapokosea kwa kutaka kumtendea mema. Twamwona mdogo na mpole, twamhurumia, twampa mabaki ya ugali wa mihogo, punje za mahindi, ndizi mbivu na maganda yake matamu. Kwake huo si ukarimu. Chakula chake cha kila siku na kiwe nyasi, mbichi au kavu, zisikose usiku wala mchana. Juu ya hizo aongezewe majani ya karanga, matembele au lengalenga. Punje za nafaka na matunda viwe kidogo sana, kama kionjo.

Majani ya mihogo yahitaji uangalifu, hasa ya mihogo michungu, kwa sababu yana sumu. Mama hatupikii sombe bila kuitwanga na kuichemsha kwa muda mrefu. Itakuwaje basi tumpe sungura majani yaliyochumwa sasa hivi? Ni afadhali kumnyima kabisa kuliko kubahatisha. Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi vya mviringo asipewe kamwe, wala majani yoyote yaliyonyunyiziwa dawa ya wadudu.

Yako mambo mengine matatu ya kushika. La kwanza, chakula kisibadilishwe ghafula. Kipya kichanganywe na cha zamani kidogo kidogo, kwa muda wa siku 7 hadi 10, ili vijidudu wa tumboni wapate kuzoea. La pili, watoto wasiondolewe kwa mama yao mapema. Wakifikisha majuma 6 tumbo lao huwa limepata nguvu kidogo. Wengi hufa katika majuma yafuatayo kuachishwa kunyonya, kwa hiyo siku hizo wapewe hasa nyasi kavu. La tatu, banda liwe kavu na safi. Ugonjwa wa koksidiosisi, unaoharibu utumbo na ini, huenezwa kwa mavi yaliyochafua chakula na maji. Sakafu ya vijiti yenye nafasi huyaacha yaanguke chini. Nyasi zitundikwe ubavuni, zisikanyagwe. Maji safi yawepo daima, maana asiyekunywa hali.

Sungura akikataa chakula nusu siku nzima, asipotoa vidonge, akijikunyata na kusaga meno, au akihara, atengwe mara moja. Apewe nyasi kavu na maji safi, na mganga wa wanyama aulizwe upesi, kwa sababu ugonjwa huu haungoji kesho. Aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe. Afukiwe mbali na kisima, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kitabu cha Mithali chahesabu kuutunza uhai wa mnyama kuwa alama ya mtu mwadilifu. Nanyi wanafunzi, mkikata nyasi kila jioni na kusafisha banda kila asubuhi, mwajifunza uaminifu katika jambo dogo. Nanyi wazazi, siku sungura wa mtoto afapo, mfundisheni kuuliza kwanza: alikula nini jana, na maji yake yalikuwaje? Atakayezoea kuuliza hivyo hatakuwa mwepesi wa kumsingizia jirani yake.