Askari na Uso wa Kuazima

Kila askari ajuaye kazi yake hujitazama kiooni kabla ya kushika zamu. Huangalia kofia, vifungo na mkanda, akasahihisha kilichopotoka. Kioo hicho hakimwongopei mtu: aliyekesha humwonyesha macho mekundu, na aliyenyoa vibaya humwonyesha ndevu zake. Lakini siku hizi askari anacho kioo cha pili mfukoni, nacho ni simu. Kioo hiki kimefundishwa kusifu.

Katika mitandao, mtu huweza kujitengenezea sanamu ya kumwakilisha, akaichagulia urefu, rangi, nywele na mavazi. Sanamu hiyo huitwa avata. Neno lenyewe latoka katika Kisanskriti, nalo lilikuwa na maana ya mungu kushuka duniani akiwa amevaa mwili. Mwaka 1986 kampuni ya Lucasfilm ya Marekani ililitumia katika Habitat, mchezo wa kompyuta ambamo wachezaji walikutana kwa njia ya waya za simu.

Je, sanamu humbadilisha mwenyewe? Mwaka 2007 wataalamu Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza majaribio yao. Kila mtu alivishwa kifaa cha macho, akajiona katika kioo cha kubuni akiwa na uso wa kupendeza au usiopendeza. Waliopewa uso mzuri walimsogelea mgeni zaidi, wakamweleza mengi ya maisha yao. Waliopewa umbo refu walikuwa wakali zaidi katika kugawana fedha. Basi sura, hata ikiwa ya bandia, huugusa moyo.

Lakini ni nani apimaye uzuri huo? Mwaka 2017 programu ya FaceApp, iliyotengenezwa Urusi, ilitoa njia ya kuipendezesha picha ya mtu. Watu weusi walipoitumia, iliwapausha ngozi. Mwenye kampuni aliomba radhi, akaeleza kwamba picha zilizoifundisha mashine zilikuwa na upendeleo. Maana yake, mashine ilikuwa imejifunza kuwa uzuri ni weupe. Kijana ajitazamaye humo kila siku, asipojihadhari, atauchukia uso aliorithi kwa wazazi wake, kisha atakimbilia dawa za kujichubua, ambazo baadhi yake zina sumu ya zebaki.

Uzuri wa kuazima ni silaha pia. Mwezi Februari 2020 jeshi la Israeli lilitangaza kwamba watu wa Hamas walijifanya wasichana warembo mitandaoni ili kuwanasa askari wake. Wasichana hao wa kubuni walidai kuwa ni wahamiaji wageni, au hawasikii vizuri, ili wasitakiwe kuzungumza kwa simu. Askari aliambiwa aingize programu ya kubadilishana picha. Alipofanya hivyo, simu yake ikawa mikononi mwa adui.

Uso wa askari mwenyewe nao huibwa. Idara ya upelelezi wa jinai ya Jeshi la Marekani imewaonya wananchi mara nyingi juu ya matapeli watumiao picha za askari waliovaa sare, wakawaposa wanawake na kuwaomba fedha, ati za kulipia likizo. Hakuna askari alipiaye likizo yake. Hivyo picha tuiwekayo kwa kujipendeza yaweza kumfilisi mjane wa nchi ya mbali.

Waswahili husema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Si kosa kupenda kupendeza, kwani unadhifu ni sehemu ya nidhamu yetu. Lakini asiyetaka kuonana nasi, tusimwonyeshe kambi yetu. Sare isiyo na sababu ya kuonekana mitandaoni, tusiiweke. Na asubuhi, tukirudi mbele ya kioo cha lindoni, tuusalimu kwa heshima uso ule tuuonao. Ndio ambao raia ataukumbuka siku atakapohitaji msaada.