Kivu na Ituri: Mbwa akikufa, kwa nini tunalia kwa kujificha?

Mashariki mwa Kongo, neno « imbwa » linaweza kuleta ugomvi. Mtu akiitwa hivyo katika soko la Virunga mjini Goma, au kule Kadutu mjini Bukavu, yuko tayari kuvua shati apigane. Lakini usiku ukiingia, umeme ukikatika na mtaa ukinyamaza, ni huyo huyo imbwa anayeachiwa mlango wa parsele. Baba, mama na watoto wanalala, yeye anabaki macho. Na siku anapokufa, nyumba inakaa kimya, kila mtu akificha machozi yake, kwa sababu jirani akisikia atacheka: « Si ni imbwa tu? »

Hilo neno « tu » ndilo tunalotaka kuliangalia hapa.

Mlinzi asiye na mshahara

Katika miji yetu, watu wengi hawamleti mbwa nyumbani kwa mapenzi. Wanamleta kwa ajili ya wezi. Anapewa mabaki ya bugali, vichwa vya sambaza, mfupa siku ya sikukuu, na mahali pa kulala chini ya dirisha au nyuma ya jiko. Mapenzi yanakuja baadaye, polepole, bila mtu kuyaita.

Baada ya miezi michache, mbwa anajua hatua za baba anaporudi usiku. Anajua mlio wa pikipiki ya kijana mkubwa kabla haijakata kona. Anajua mtoto gani anamwaga chakula, na anakaa karibu na huyo. Mgeni akikaribia, anabweka kwa namna moja. Mtu wa nyumba akifika, anabweka kwa namna nyingine, na mama aliye ndani anajua kama achukue tochi au afungue mlango. Hiyo ni lugha. Hakuna aliyewafundisha, lakini wote wawili wanaielewa.

Wezi nao wanaijua. Ndiyo maana wakati mwingine, kabla ya kuruka ukuta, wanatupa kwanza nyama yenye sumu. Jamaa inayoamka na kumkuta mbwa amelala karibu na geti, povu mdomoni, inapoteza vitu viwili asubuhi moja: rafiki, na usingizi wa usiku unaofuata.

Vijijini kazi ni nyingine. Kwenye milima ya Masisi, mbwa anatembea na wachungaji nyuma ya ng'ombe. Kwenye mashamba yanayopakana na pori, anafukuza nyani na nguruwe wa msituni wasimalize mahindi. Mkulima aliyempoteza mbwa wake katikati ya msimu anajua hasara yake hata kabla ya kuvuna.

Mbwa wa Ituri anayejulikana dunia nzima

Anayetaka kujua mbwa na mtu wanaweza kukaribiana kiasi gani, aende msituni Ituri, upande wa Mambasa. Huko Wambuti wanawinda na mbwa wadogo, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Hawabweki kama mbwa wa mjini. Wakifurahi, wanatoa sauti inayofanana na ya mtu anayeimba kwa koo. Na kwa kuwa hawapigi kelele wakati wa kufukuza mnyama, mwenye mbwa anamfunga kengele ya mti shingoni.

Nyavu zikiisha kutandikwa, wawindaji wanasikiliza. Kengele inawaambia mbwa yuko wapi, anakimbia au anasita, na mboloko anakuja upande gani. Msituni, ambapo macho hayafiki mbali, mtu anamfuata mbwa wake kwa masikio tu. Kengele ikinyamaza ghafula, mwenyewe anaanza kuwaza: ni nyoka? Ni chui? Ni mtego?

Wazungu walimpenda mbwa huyu wa Kongo. Mwaka wa 1895 walipeleka wachache Uingereza, lakini walikufa kwa ugonjwa. Walijaribu tena miaka ya 1930, na safari hiyo wakaishi. Leo anafugwa Ulaya na Marekani kwa jina la Basenji, na ana mashindano yake. Jina lenyewe limetoka kwetu: « basenji » ni neno la Lingala, ndugu wa neno « washenzi » la Kiswahili, ambalo wakati wa ukoloni walitupiwa watu wa kijiji na wa msitu kwa kuwadharau. Neno la kudharau babu zetu limekuwa jina la mbwa anayetafutwa na matajiri. Na sisi tuliomlea, bado tunasema « imbwa tu ».

Virunga: askari na mbwa kwenye kamba moja

Katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, kuna watu wengine ambao maisha yao yanategemea mbwa. Tangu mwaka wa 2011, askari wa Mbuga ya Virunga wana kikosi cha mbwa wa kufuata nyayo. Ni mbwa wakubwa, wenye masikio marefu yanayoning'inia, wa aina ambayo kwa Kifaransa inaitwa Saint-Hubert. Nguvu yao ni pua. Wanaweza kufuata harufu ya mtu mmoja hata kama wengine wengi wamepita njia hiyo hiyo. Mganga wa wanyama kutoka Uswisi, Marlene Zähner, ndiye aliyesaidia kuanzisha kikosi hicho na kufundisha askari.

Kwa mtu aliyekua akiona mbwa anafukuzwa kwa jiwe, kazi hiyo inadai kujifunza upya. Askari anapaswa kumwosha mbwa, kumlisha, kuangalia masikio na miguu yake, na zaidi ya yote kumsoma. Wakati wa kutafuta wawindaji haramu wa tembo, mbwa anatangulia akivuta kamba ndefu, askari anafuata nyuma. Mbwa akisimama, akiinua pua, akigeuka, askari lazima aelewe. Asipoelewa, wote wawili wanaweza kuingia mikononi mwa watu wenye silaha. Virunga, iliyoundwa mwaka wa 1925, imekwisha kuzika zaidi ya askari 200 waliouawa wakiwa kazini. Mahali kama hapo, mnyama anayekuonya kabla ya hatari ni mwenzako wa kazi.

Tulimwelewa Bauma

Virunga hiyo hiyo ilitufundisha jambo kuhusu kufiwa na mnyama. Mwaka wa 2007, gorila mdogo wa miezi miwili alikutwa ameshikilia maiti ya mama yake aliyeuawa kwa risasi. Alipewa jina la Ndakasi. Askari André Bauma alimkumbatia kifuani usiku ule ili asife kwa baridi, kisha akaendelea kumlea katika kituo cha Senkwekwe, kule Rumangabo. Tarehe 26 Septemba 2021, baada ya ugonjwa mrefu, Ndakasi alikufa mikononi mwa Bauma, akiwa na miaka 14.

Picha ya mtu huyo amekaa chini, gorila amemwekea kichwa kifuani, ilizunguka dunia. Bauma alisema alimpenda kama mtoto. Watu wa nchi nyingi walihuzunika naye, na hapa kwetu pia wengi walimwelewa.

Basi, kama tulimwelewa Bauma, tunaweza kumwelewa na mama wa Himbi au mzee wa Ndosho aliyefiwa na mbwa wake wa miaka kumi. Gorila ni mnyama adimu, mbwa wako kila avenu, ni kweli. Lakini anayelia halii kwa sababu ya uchache wa mnyama. Analia kwa sababu jioni ameweka mabaki ya bugali pembeni kama kila siku, halafu amekumbuka hakuna wa kumpelekea.

Siku ya kukimbia

Huku kwetu kuna namna nyingine ya kumpoteza mbwa: kumwacha nyuma. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na lava kufika Buhene, wakaaji wa Goma walikimbia usiku huo huo. Siku tano baadaye, viongozi waliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe, na watu wakaelekea Sake, Rutshuru, Gisenyi, wengine Bukavu kwa mashua. Mwezi wa Januari 2025, risasi na mabomu viliwahamisha tena watu.

Siku kama hizo, mtu ana dakika chache za kuchagua. Watoto kwanza, wazee, kadi ya uchaguzi, sufuria, blanketi. Kwenye pikipiki yenye watu watatu na godoro, mbwa hana nafasi. Hakuna wa kumlaumu aliyeokoa mtoto wake. Lakini kitendo kimoja hakichukui hata dakika: kufungua mnyororo. Mbwa aliyefunguliwa anaweza kukimbia moto, kutafuta maji, hata kuwafuata. Aliyefungwa anakufa pale pale akingoja. Mtu aliyerudi na kukuta mnyororo bado umefungwa hawezi kusahau alichokiona, hata kama miaka imepita.

Chanjo ni sehemu ya mapenzi

Hatuwezi kusifu mbwa na kunyamazia kichaa cha mbwa. Kwa hesabu ya OMS, ugonjwa huu unaua karibu watu 59 000 duniani kila mwaka, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kati ya watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wane ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikiisha kuonekana kwa mgonjwa, kupona ni karibu hakuna.

Ugonjwa huu unavunja pia urafiki tunaouzungumzia. Habari ya mbwa mmoja mwenye kichaa ikienea mtaani, hata mbwa wazima wanapigwa mawe na fimbo, na mtoto anashuhudia mwenzake wa kucheza akiuawa mbele yake. Chanjo ya kila mwaka inalinda mtoto na inalinda mbwa. Kwa wataalamu, mbwa 70 kwa 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kuenea.

Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kungoja, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Kumzika na kusema ukweli

Mbwa akikufa, asitupwe mtoni, ziwani wala kwenye mtaro. Achimbiwe shimo refu, mbali na kisima, na kama alikufa akiwa na dalili za kichaa, watoto wasimguse na mganga wa wanyama ajulishwe. Hiyo ni afya, na ni heshima pia.

Watoto waambiwe ukweli. Wazazi wengi husema « amekimbia » au « tumemzawadia mtu ». Mtoto anaendelea kumngoja getini kila jioni, na siku akijua, anajifunza kwamba wakubwa hudanganya kuhusu kifo. Katika majimbo ambayo watoto wameona vifo vingi mno, kumzika mbwa pamoja nao, kwa utulivu, bila risasi na bila kukimbia, kunaweza kuwa mara yao ya kwanza kumwaga mtu wa nyumba kama inavyotakiwa.

Kumleta mbwa mwingine si usaliti, lakini si lazima iwe kesho yake. Kila nyumba ina wakati wake.

Na jirani akipita akakuta watu wamesimama kimya karibu na udongo mpya nyuma ya jiko, asiulize kama ni imbwa tu. Aseme pole, kama anavyosema kwa msiba mwingine wowote mdogo wa mtaa, halafu aendelee na safari yake.