Kuongea Kiingereza Kwenye Simu

Simu ya kawaida haipitishi sauti yote ya binadamu. Mitambo ya simu za waya, na baada yake simu nyingi za mkononi, ilitengenezwa kubeba masafa ya kati ya hezi 300 na 3400, kwa kuwa hayo yanamtosha mtu kuelewa lugha yake mwenyewe. Sauti kama s na f zina sehemu kubwa ya nguvu zake juu ya kiwango hicho, kwa hiyo zikifika upande wa pili hufanana sana. Mwenye lugha huziba pengo hilo bila kujijua, maana anajua ni neno gani linalotarajiwa. Mwanafunzi hana akiba hiyo. Tena simu humnyima midomo ya msemaji, macho yake na mikono yake, vitu ambavyo ana kwa ana humsaidia kukisia yale aliyoyakosa. Ndiyo maana mtu anayesoma gazeti la Kiingereza bila kamusi hutoka jasho simu ikiita na namba ni ya ng'ambo. Simu zinazopita kwenye 4G au WhatsApp hubeba masafa mapana zaidi, na mazoezi ya mwanzo yafaa kufanyiwa huko, mtandao ukiruhusu.

Tatizo la pili ni kasi, nalo huumiza kuliko la kwanza. Mazungumzo huenda kwa zamu. Uchunguzi wa lugha kumi uliochapishwa mwaka 2009, Kiingereza kikiwamo, ulionyesha kwamba kati ya swali la ndiyo-au-hapana na jibu lake hupita wastani wa milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Hakuna mtu anayeweza kutunga sentensi kwa muda huo. Hata kutaja tu jina la kitu kilicho kwenye picha huchukua zaidi ya nusu sekunde. Msikilizaji basi huanza kuandaa jibu wakati mwenzake bado anasema. Mwanafunzi hufanya kinyume. Husubiri swali liishe, akaligeuza Kiswahili, akatunga jibu, akalirudisha Kiingereza, na sekunde tatu au nne zimekwenda. Kwenye simu, kimya cha namna hiyo huonekana kama mtandao umekata. Upande wa pili unaanza "Hello? Are you there?", na sentensi iliyokuwa karibu kuiva inapotea.

Dawa yake ni maneno madogo ya kushikilia zamu. Kiswahili kinayo tele: "ngoja kidogo", "sasa", "yaani". Ya Kiingereza ni kama "Well", "Let me see" na "Just a moment, please". Hayana habari yoyote ndani yake, lakini yanamwambia mwenzako kwamba jibu liko njiani. Inasikitisha kwamba vitabu vingi vya shule huyaacha, vikajaza kurasa kwa majina ya wanyama na samani. Mtu mwenye maneno 500 na namna tatu za kushikilia zamu anaweza kuongea vizuri kwenye simu kuliko mwenye maneno 3000 asiye nazo.

Linalofuata ni kuomba kurudiwa, na hapa aibu hufanya uharibifu mkubwa. Wanafunzi wengi huamini kwamba kuuliza tena ni kukiri ujinga, wakaitikia "Yes, yes" kwa jambo ambalo hawakulisikia. Ukweli ni kwamba wenye lugha huuliza daima. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2015, ulipima mazungumzo ya kila siku katika lugha 12 na kukuta kwamba mtu humsimamisha mwenzake ili arudie au afafanue takriban mara moja kila dakika moja na nusu. Hao ni watu wanaoongea lugha zao wenyewe, wengi wakiwa na ndugu na rafiki.

Maombi ya kurudiwa hayalingani nguvu. "Sorry?" humrudisha msemaji mwanzo, na mara nyingi atarudia sentensi nzima kwa kasi ileile. "I don't understand" ni mbaya zaidi, kwa sababu haionyeshi mwanya uko wapi. Lenye faida ni lile linaloshika kile kilichosikika na kuuliza kilichobaki. Mpokeaji wa zahanati akisema "We'll need your date of birth and your postcode", na mpigaji akapata tarehe ya kuzaliwa tu, yafaa ajibu: "Sorry, my date of birth and my what?" Neno moja tu ndilo litakalorudiwa, polepole na kwa mkazo. Njia nyingine ni kurudia kile kilichosikika kwa sauti ya kuuliza: "Thursday?" Kosa likiwapo, mwenzake atalisahihisha papo hapo. Kuhusu adabu, "What?" peke yake humfikia mgeni kama "Nini?" linavyomfikia mzee anayestahili "Naam" au "Abee". Badala yake husemwa "Sorry?" au "Pardon?".

Mwanzo wa simu una utaratibu wake. Alexander Graham Bell, aliyepewa hataza ya simu mwaka 1876, alitaka watu waitikie kwa "Ahoy", wito wa mabaharia. Thomas Edison akapendekeza "Hello" mwaka 1877, na "haloo" ya Kiswahili ni mtoto wa neno hilo. Mwanasosholojia Emanuel Schegloff, katika makala yake ya mwaka 1968, alichambua mianzo ya simu kama 500 za Marekani, akakuta kwamba anayepokea ndiye husema kwanza. Katika simu moja tu mpigaji alitangulia, na hiyo ni kwa sababu upande wa pili ulipokea ukakaa kimya. Baada ya hapo watu hujitambulisha, husalimiana kwa ufupi, kisha mpigaji hutaja haja yake.

Ufupi huo wa salamu humkwaza Mswahili. Mtu aliyelelewa kuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto na za kazi kabla ya kutaja shida huona ni utovu wa adabu kuparamia jambo. Kwenye simu ya Kiingereza, hasa ya ofisi, "How are you?" hujibiwa "Fine, thanks, and you?" na haja hutajwa hapohapo; salamu ndefu humfanya mpokeaji ashuku kwamba kuna kitu anauziwa. Kujitambulisha nako kuna umbo lake. Husemwa "This is Rehema", wala si "I am Rehema". Mwenyewe akiulizwa kama yupo, hujibu "Speaking". Swali "Nani mwenzangu?" halitafsiriwi "Who are you?", ambalo husikika kama la askari kwenye kizuizi, bali husemwa "Who's calling, please?". "Naomba", nguzo ya adabu ya Kiswahili, ina ndugu yake katika "Could I": "Could I speak to the manager, please?" Anayesema "I want the manager" amesema "Nataka meneja", na hata kwa Kiswahili hilo lisingemfurahisha mtu.

Baada ya salamu huja jina, na jina huleta herufi. Irabu za Kiingereza zinapotajwa kama herufi hubadilishana viti na za Kiswahili: A husikika "ei", E husikika "i", na I husikika "ai". Neema akilitaja jina lake kwa Kiingereza sahihi atasema "en, i, i, em, ei". Mswahili akiandika kwa sikio lake atapata Niime. Akilitaja kwa irabu za Kiswahili, karani wa London naye anaweza kuandika A palipo na E. Herufi B, D, G, P, T na V zote huishia na "i" ndefu, na simu huzichanganya. M na N nazo hazipishani sana. Kwa ajili hiyo marubani hutumia orodha ya maneno, kuanzia Alfa, Bravo na Charlie, iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1956. Mwanafunzi hana haja ya kuikariri yote. Inatosha kuandaa maneno ya herufi za jina lake, kwa maneno ambayo mgeni anayajua: "M for mother, N for November". "D for Dodoma" itamwacha mtu wa Manchester gizani.

Namba zina mtego wa mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi "thirteen" na "thirty" hutoka kinywani mwa mwanafunzi zikiwa pacha. Katika Kiingereza ya kwanza inapotajwa peke yake hupata mkazo mwishoni, ya pili mwanzoni. Penye fedha au dawa, ni salama kuongeza tarakimu: "thirteen, one three". Katika namba za simu, Waingereza husoma sifuri "oh", na saba mbili zinazofuatana husomwa "double seven".

Lakini hasara kubwa kuliko zote huletwa na saa. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kuchomoza na kuzama kwa jua, ya Kiingereza tangu usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni sita kamili. Mwenye nyumba ya wageni Zanzibar akimwambia mgeni kwenye simu kwamba gari litamfuata "at three", huku kichwani ana saa tatu asubuhi, dereva atafika mgeni akiwa bado pwani, naye mgeni ataanza kulalamika saa tisa alasiri. Makosa haya hayaonekani simuni, kwa kuwa sarufi iko sawa na kila mmoja ameridhika. Saa ya mishale hutoa msaada mzuri: mshale mfupi huelekea saa ya Kiingereza, na namba iliyo ng'ambo yake moja kwa moja ni ya Kiswahili. Tisa inatazamana na tatu, mbili inatazamana na nane. Afadhali pia kuongeza wakati wa siku kila mara: "nine in the morning". Na Mwingereza akisema "half eight", anakusudia saa mbili na nusu.

Mtego wa mwisho ni ndiyo na hapana. Mswahili akiulizwa "Hukupata ujumbe?" hujibu "Ndiyo", yaani ni kweli, sikupata. Kiingereza hujibu hali yenyewe, si kauli ya muulizaji: "Didn't you get the message?" hujibiwa "No". Ana kwa ana kichwa kinachotikiswa kingeokoa. Simuni hakuna kichwa. Kinga ni kutoacha neno hilo peke yake, bali kulimalizia: "No, I didn't."

Mazoezi yanafaa yafanane na kinachozoewa. Wanafunzi wawili hukaa mgongo kwa mgongo, kila mmoja na kadi yake, mmoja mpigaji na mwingine mpokeaji. Kadi ya mpigaji iwe na jambo analotaka, namba, na sentensi ya kwanza. Mazungumzo yakiandikwa yote, hayo ni maigizo, na jibu la kwanza lisilotarajiwa litayavunja. Wakizoea, wahamie chumba chenye redio inayopiga kelele. Kwa ufasaha lipo zoezi lililoelezwa na Keith Maurice mwaka 1983 na kutangazwa sana na mtaalamu Paul Nation wa New Zealand: habari ileile husimuliwa kwa dakika nne, kisha kwa msikilizaji mwingine kwa tatu, kisha kwa mbili. Asiye na mwenzake ana ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hujirekodi, husikiliza, hurekodi tena, na rekodi ya tatu ndiyo humpelekea rafiki.

Masikio nayo huzoezwa kwa kufuatisha, yaani kurudia maneno ya msemaji wa redio au video nusu sekunde nyuma yake. Zoezi hili huonyesha kile ambacho maandishi hukificha: Kiingereza humeza silabi zisizo na mkazo, wakati Kiswahili huipa kila silabi haki yake. Katika "I can come", neno "can" hubaki "kn". Anayelitamka kwa ukamilifu husikika, hasa kwa Mmarekani, kama aliyesema "can't", na aliyekusudia kuja huandikwa kuwa haji.

Zipo simu ambazo si za mazoezi. Aliyehamia ugenini anapaswa kuweza kutaja anwani yake kwa Kiingereza akiwa usingizini, kwa kuwa bila mahali hakuna gari la wagonjwa litakalofika. Kwa Uingereza namba ni 999, na mpokeaji huuliza huduma inayotakiwa. Kwa Marekani ni 911. Penye ugonjwa, kujikaza kuongea Kiingereza kibovu ni hatari. "I need a Swahili interpreter, please" ni sentensi ya kukaririwa na kila mkimbizi wa Kongo aliyepelekwa Marekani, ambako sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 ndiyo msingi wa wajibu wa hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumpatia mgonjwa mkalimani.

Kufunga simu ni kazi ya watu wawili. Schegloff na mwenzake Harvey Sacks waliandika mwaka 1973 kwamba mazungumzo hayakatiki tu. Mmoja huonyesha kwamba hana la kuongeza, kwa "Okay", "Well" au "So", na mwingine hukubali. Anayejua kutumia "Haya basi" tayari anajua mchezo huu. Kwa kuwa "Okay" ya kwanza hufungua mlango tu, ndipo mahali pa kurudia makubaliano: "So that's Thursday, nine in the morning." Mwenzake huthibitisha, mpigaji hushukuru, mmoja husema "Bye", mwingine hujibu "Bye", na simu hukatwa.