Baga ilipokutana na zege

Jioni, kwenye vibanda vya kando ya lami hapa Moshono, Arusha, swali ni moja tu: "Zege au kavu?" Kavu ni chipsi zenyewe. Zege ni chipsi mayai. Sijawahi kusikia mtu akiulizia baga, na hilo linashangaza kidogo, maana Arusha imelisha wageni wa kila aina: watalii wa Serengeti, maofisa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mawakili wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyofungwa Desemba 2015.

Si kwamba baga haikujaribu. Kampuni iliyoitembeza zaidi pande zetu ni Wimpy, iliyoanzishwa na Edward Gold mjini Bloomington, Indiana, mwaka 1934. Jina alilitoa kwenye katuni za Popeye, kwa yule bwana mnene anayekula baga leo na kuahidi kulipa Jumanne. Kwetu angeitwa mzee wa mali kauli. Mwaka 1954 kampuni ya J. Lyons, maarufu kwa chai, ikachukua leseni na kuanza kuuza baga za Wimpy London, lakini kwa adabu za Kiingereza: unakaa mezani, unahudumiwa, unapewa kisu na uma. Nairobi nayo ikapata Wimpy, na waliokuwa vijana huko miaka ya 1970 na 1980 bado wanaizungumzia.

Mwaka 1967 Wimpy ilifungua mgahawa wake wa kwanza Afrika Kusini, mjini Durban. Mwaka huohuo, Februari, Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha na kutaifisha mabenki. Nchi iliyokuwa ikinyang'anya njia kuu za uchumi kutoka mikononi mwa makampuni ya nje haikuwa na haraka ya kukaribisha wauza baga, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata unga wa ngano na mafuta ya kupikia vilikuwa vya kutafutwa kwa foleni.

Wimpy yenyewe ilipata misukosuko. Gold alipofariki, migahawa ya Marekani ikatoweka. Mwaka 1989 Grand Metropolitan, mmiliki wa Burger King, akainunua ile ya Uingereza na kugeuza matawi mengi kuwa Burger King. Tawi la Afrika Kusini likaendelea kunawiri, likaingia mikononi mwa kampuni ambayo leo inaitwa Famous Brands, na mwaka 2007 kampuni hiyo ikainunua hata Wimpy ya Uingereza. Mtoto wa Durban akamlea mzazi wa London.

Famous Brands ndiyo pia yenye Steers, migahawa mingine ya baga, iliyofika Dar es Salaam baada ya nchi kufungua milango ya biashara. Arusha tulijitengenezea ya kwetu: McMoody's, Barabara ya Sokoine, yenye baga na jina lililokopa herufi mbili kwa McDonald's bila hodi. McDonald's wenyewe hawajafungua Tanzania wala Kenya.

Sasa kwa nini zege ndilo lililobaki na mtaa? Wengi husema ni bei, na ni kweli kwa sehemu: mkate wa baga unataka ngano, ambayo nchi huagiza kwa wingi kutoka nje, na nyama ya kusaga inataka friji isiyokatikiwa umeme. Mimi naona tatizo kubwa ni imani. Mtu wa Moshono hununua nyama kwa macho. Anafika buchani, anaonyesha kwa kidole, anasimama hapo mpaka ipimwe. Nyama iliyosagwa haisemi ilikuwa sehemu gani ya ng'ombe. Wamarekani nao waliwahi kuwa na shaka hiyohiyo: kampuni ya baga ya White Castle ilipoanza Wichita, Kansas, mwaka 1921, ilijenga vibanda vyeupe vinavyong'aa na kupika mbele ya mteja, ili watu waache kuiogopa nyama ya kusaga.

Kibanda cha chipsi kimefika hapohapo bila mshauri wa masoko. Viazi viko kwenye kabati la kioo. Kijana anapasua mayai mawili mbele yako, anayapiga na chumvi, anayamwaga juu ya chipsi kwenye kikaango, anasubiri yashike, kisha anageuza lote kwa sahani. Kachumbari pembeni, vijiti, na tomato iliyoongezwa maji kidogo. Hilo nalo unaliona. Nenda Sakina, nenda Usa River, nenda Mbeya: ni zege lilelile. Halina makao makuu wala leseni ya jina, na halihitaji.

Mnyororo mkubwa nao una udhaifu wake. Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi, kwa sababu viazi vyake vilitoka nje na mizigo ilichelewa kutokana na UVIKO. Wakulima wa Nyandarua walikuwa na viazi, lakini msambazaji lazima kwanza apitishwe kwenye ukaguzi wa ubora wa kampuni. Wakenya wakaitisha mgomo mitandaoni, na KFC ikaahidi kuangalia wazalishaji wa ndani.

Moshono viazi vikiadimika, kibanda hakifungwi. Muuzaji anapunguza kipimo na kujaza kachumbari. Gunia likishuka bei, kipimo hurudi, au hakirudi, kutegemea waendesha bodaboda wamelalamika kwa sauti kiasi gani.