Njombe: Skrini za Ligi Kuu, msosi wa mchangani

MATEMBWE. Siku ya dabi ya Kariakoo, shabiki wa Matembwe ana njia mbili. Ya kwanza ni kubaki kijijini, alipe kiingilio kwenye banda la video, abanane kwenye benchi na kuomba king'amuzi kisigome. Ya pili ni kuvaa jezi mapema, kupanda gari la Njombe mjini au kufika kabisa Makambako, akaangalie mechi kwenye mgahawa wa soka wenye skrini kubwa, viti vya kuegemea na kelele za kutosha.

Wenye nafasi wanachagua njia ya pili. Ukiwauliza Jumatatu mambo yalikuwaje, watakusimulia bao, watakusimulia penalti iliyokataliwa, watakusimulia jinsi watu walivyoruka juu ya viti. Ukigusa suala la chakula, mtu anacheka kwanza.

Kicheko hicho ndicho hoja ya leo. Migahawa ya soka imeongezeka, na kwa mandhari inajitahidi kweli. Lakini sahani zake nyingi zinashuka daraja kila wikiendi, na hakuna anayepiga filimbi.

UKUTANI NI LIGI KUU

Mwandishi wa makala haya alikaa kwenye mmoja wa migahawa hiyo. Jina tunaliacha, kwa kuwa tatizo si la mmoja.

Sakafu imepakwa rangi ya kijani na mistari myeupe, kiasi kwamba ukienda kunawa mikono unakatiza duara la kati. Ukuta wa kushoto ni mwekundu, umeandikwa 5-0 ya Mei 6, 2012. Ukuta wa kulia ni wa kijani na njano, umeandikwa 5-1 ya Novemba 5, 2023. Kila upande una wenyeji wake wa kudumu, na ubishi unaanza kabla soda hazijafunguliwa. Menyu nayo imepangwa kama kikosi: supu na vitafunwa ni mabeki, nyama ni washambuliaji, vinywaji vipo benchi.

Raha yake ni ya kweli na haipaswi kubezwa. Hapa utamkuta baba na mtoto wake wa miaka minane, wote na jezi. Utawakuta akina dada ambao kule kwenye banda la video walikuwa hawaendi, kwa sababu ya msongamano na maneno ya hovyo. Utamkuta dereva wa lori aliyepaki Makambako akielekea Tunduma, ameketi na mtu wasiyejuana na tayari wanagongeana mikono. Kwa mji wenye baridi kama Njombe, kupata sehemu ya ndani, yenye mwanga na watu wanaoimba, si jambo dogo.

Kisha chakula kikaja.

Chipsi kuku iliagizwa dakika ya 20. Ilifika dakika ya 70, matokeo yakiwa yameshabadilika mara mbili. Chipsi zilikuwa zimekunywa mafuta na kulegea. Ukiinua moja inainama kama bendera ya kona siku isiyo na upepo. Kuku alikuwa amekaangwa mchana, akapoa, akarudishwa kwenye mafuta usiku, nyama ikakauka mpaka unatafuta maji. Kachumbari ilikuwa vitunguu na vipande vya nyanya vya kuhesabu. Meza ya jirani walioagiza ugali na nyama walipata ugali kwanza. Nyama ikafuata baada ya muda mrefu, kama mchezaji wa kigeni anayesubiri kibali.

Halafu hii ni Njombe. Hasa Juni na Julai, sahani ikitoka jikoni bila kufunikwa inafika mezani imeshapoa, na mafuta yameganda pembeni.

MPISHI ANAJUA HUONDOKI

Kwa nini mamalishe wa stendi ya Makambako, mwenye meza mbili na turubai, anakupa chakula cha moto, na mwenye skrini nne hawezi?

Jibu la kwanza ni kwamba mteja wa mamalishe anaangalia sahani. Basi linamsubiri, pesa anayo mkononi, na hatua tano mbele kuna mama mwingine anayemwita. Wali ukiwa na mawe, kesho anahamia kule. Mteja wa mgahawa wa soka anaangalia juu, kwenye skrini. Ameshapata kiti kizuri, timu yake inatafuta bao, hawezi kunyanyuka dakika ya 75 kwenda kutafuta chipsi kwingine. Jikoni wanalijua hilo. Wanampikia mtu ambaye macho yake yako kwingine.

Jibu la pili ni ratiba. Mgahawa wa kawaida wateja wake wanakuja kwa kudondoka, huyu saa sita, yule saa saba. Mgahawa wa soka unapokea watu wote kwa mkupuo, na karibu wote wanakumbuka njaa wakati mmoja: mapumziko, dakika 15 tu. Meza 20 zikiagiza chipsi ndani ya dakika hizo, mpishi anajaza karai mpaka juu. Viazi vibichi vingi vikiingia kwa pamoja, mafuta yanapoa. Mafuta yakipoa, viazi haviivi kwa kukaangika, vinaanza kuyanyonya. Kile unachokiona kwenye sahani kama uvivu wa mpishi, mara nyingi ni hesabu mbaya ya karai.

La kushangaza ni kwamba hakuna biashara ya chakula inayojua saa ya wateja wake kama hii. Jumamosi ya Ligi Kuu England mechi zinajulikana: saa 8:30 mchana, saa 11:00 jioni, saa 1:30 usiku, na kwao saa zikirudishwa nyuma kwa majira ya baridi, huku kwetu zote zinasogea saa moja mbele. Ratiba ya ligi yetu inatoka mapema. Mapumziko hayajawahi kuja kwa kushtukiza. Mwenye mgahawa anayeshangaa kuona watu wamejaa dakika ya 45 ni sawa na kipa anayeshangaa kuona mpira.

Jibu la tatu ni la kibinadamu zaidi. Mhudumu naye ni Simba au Yanga. Akipita na sinia, straika akabaki na kipa, sinia linasimama. Mpishi naye utamwona amechungulia dirishani, mwiko mkononi. Hatumlaumu mtu kwa kupenda mpira, lakini zamu ya dabi ingepangiwa pia wale ambao mpira hauwapandishi presha. Wapo.

NA HUKU NDIKO KUNAKOTOKA CHAKULA

Mgahawa wa soka ukikupa chipsi mbaya kwenye mji usiolima, utasema basi, wanategemea magunia ya safarini. Lakini Njombe ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa viazi mviringo. Magunia yanapakiwa hapa kwenda Dar es Salaam, na mtu wa Sinza au Temeke anakula kiepe yai ya kiazi cha Njombe iliyokaangwa vizuri kuliko anayoipata aliyekilima.

Kuku ndiyo usiseme. Matembwe, huku ukanda wa Lupembe, jina lake limejengwa na vifaranga. Kampuni ya kijiji, iliyoanzishwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na shirika la CEFA la Italia, imetotolesha vifaranga na kutengeneza chakula cha kuku kwa miaka mingi, na kijiji kilipata umeme wa maporomoko ya maji wakati vijiji vingi vya nchi hii vikitumia vibatari. Mfugaji wa hapa anajua kumlea kuku kuanzia siku ya kwanza: joto la balbu, chanjo, kipimo cha chakula.

Sasa mpeleke mfugaji huyo mjini siku ya mechi. Ameuza kuku wake, amelipa nauli, ameagiza kuku wa kienyeji kwa bei ya kienyeji. Analetewa kuku wa mayai aliyemaliza kutaga, mgumu, aliyepitishwa kwenye mafuta ili asijulikane. Huyu si mtalii wa kudanganywa. Anajua mfupa wa kuku wa kisasa ukoje na wa kienyeji ukoje. Anakula kimya kwa sababu dakika zinakwenda, ila amejua.

Hapo ndipo soka linapokutana na mfuko wa mtu. Noti ya elfu kumi aliyoitoa ni jasho la banda lake mwenyewe. Na kila sahani inayorudi jikoni nusu ni kuku na viazi vya wakulima wa mkoa huu vilivyoharibiwa hatua ya mwisho kabisa, kama timu inayopiga pasi 30 halafu inapaisha juu ya mwamba.

SHANGWE HAZIFUNGI MABAO

Njombe inalijua somo hili kuliko mikoa mingi. Mwaka 2017 Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu, na mkoa ambao ulianzishwa 2012 tu ukawa na timu ya kuwakaribisha vigogo. Septemba mwaka huo Yanga walikuja Uwanja wa Sabasaba na kuondoka na ushindi wa 1-0, bao la Ibrahim Ajibu. Aprili 2018 wakaja Simba, wakashinda 2-0. Mji ulichangamka, jezi zilivaliwa, watu walitoka vijijini kuja kuona. Msimu ulipoisha, Njombe Mji ilishuka pamoja na Majimaji ya Songea.

Mashabiki walifanya sehemu yao, lakini shangwe hazifungi mabao. Mapambo ya mgahawa ni hivyohivyo. Rangi unaipaka mara moja na inakaa miaka. Kuku unampika upya kila siku, na kila siku anaweza kukuangusha.

Hata waliokuwa na pesa za kutisha waliangukia hapohapo. Mwaka 1995 ulifunguliwa New York mgahawa wa michezo ulioitwa Official All Star Cafe, ukibebwa na majina ya Shaquille O'Neal, Andre Agassi na Wayne Gretzky. Kumbukumbu za wanamichezo zilijaa ukutani. Wenye nao walikuwa Planet Hollywood, kampuni iliyowatumia Sylvester Stallone na Arnold Schwarzenegger kuvuta watu. Mwaka 1999 kampuni hiyo iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mteja alikuja mara moja, akapiga picha na jezi, akala, hakuona sababu ya kurudi.

Karibu na kwetu kuna mfano wa kinyume. Carnivore ya Nairobi imekuwapo tangu 1980, na pambo lake kubwa ni jiko lenyewe. Ukiingia unakutana na moto wa mkaa na nyama zilizochomekwa kwenye mapanga ya Kimasai. Wahudumu wanapita meza kwa meza wakikata, na mezani kwako kuna bendera ndogo. Mpaka uilaze, hawaachi kuleta. Pale mandhari na chakula ni kitu kimoja, kwa hiyo jikoni hawana pa kujificha.

DAWA IPO, NA SI GHALI

Hakuna anayetaka Makambako iwe Nairobi. Yanayotakiwa ni madogo.

Moja, menyu ipunguzwe siku ya mechi. Vyakula 30 kwa wapishi wawili ni uongo. Bora vitano vinavyoaminika: chipsi, kuku, nyama choma, ugali na maharage, supu.

Mbili, oda zichukuliwe kabla mpira haujaanza, na mteja aambiwe ukweli kwamba kuku wa kienyeji anahitaji muda. Viazi vikaangwe nusu mapema, vitolewe vipoe, kisha dakika ya 40 virudishwe kwenye mafuta ya moto kidogokidogo. Vinatoka vikavu nje, laini ndani, na vinawahi mapumziko.

Tatu, sahani zifunikwe, lakini si chipsi. Ukizifunika chipsi kwenye hotipoti, mvuke unazilegeza.

Nne, kuku auzwe kwa jina lake. Wa kisasa ni wa kisasa, na akipikwa vizuri hana aibu yoyote.

Kwa shabiki, ushauri ni mfupi. Fika nusu saa kabla, agiza, uliza bei na uliza ni kuku gani. Chakula kikija kibovu, kirudishe hata kama timu yako inaongoza. Ukinyamaza leo kwa sababu ya bao, wiki ijayo unaletewa kilekile.

AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Mechi hazitachezwa Njombe wala Makambako, kwa hiyo watu wa huku watazifuata kwenye skrini, usiku baada ya usiku, na wasafiri wa barabara ya Mbeya na ya Songea watashuka hapa wakiuliza wapi wanaonyesha mpira. Hawatakosa wa kuwaelekeza. Wenye migahawa wana muda wa kutosha kumtafuta mpishi.