Ripoti Ikipotea Njiani, Tusibahatishe

Mwezi Desemba mwaka 1890, Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi juu ya kilima ambacho leo twakiita Old Kampala, akajenga ngome. Barua iliyotoka ngomeni kwenda pwani ilibebwa na matarishi kwa miguu kwa wiki nyingi. Ikipotea njiani, aliyeituma hakuwa na namna ya kujua imepotelea wapi: mtoni, porini au mezani pa karani.

Leo juu ya kilima hicho umesimama Msikiti wa Taifa, na apandaye mnara wake hukiona kilima cha jirani cha Makerere. Huko, katika Chuo Kikuu cha Makerere, mradi uitwao AirQo ulianza mwaka 2015. Vifaa vyake vidogo, vilivyotundikwa katika majengo na nguzo, na vingine kubebwa na bodaboda, hupima vumbi laini lisiloonekana kwa macho na kutuma namba kwa mtandao wa simu.

Ndugu askari, jambo hili latuhusu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kuwa wastani wa vumbi hilo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Vipimo vya Kampala vimeonyesha kiwango hicho kikipitwa mara kadhaa. Polisi wa usalama barabarani asimamaye kutwa katikati ya magari, chini ya kilima hiki, huivuta hewa hiyo kuliko afisa aliye ofisini. Namba zikipotea, hatari yake haionekani.

MKONDO USIOLALA

Namba za namna hii hutiririka usiku na mchana. Hutoka kwenye kifaa, zikapita mtandao, zikaingia katika foleni, zikasafishwa na programu, zikahifadhiwa ghalani, ndipo zikaonekana kwenye kioo cha kompyuta. Ndivyo ripoti ya doria inavyotoka kwa kamanda wa kikosi kidogo hadi makao makuu, ikipita mikono mingi.

Sasa tuseme kioo kimenyamaza tangu asubuhi. Je, kifaa kimekufa? Mtandao umekatika? Au namba zimefika salama, lakini programu ya kuzisafisha imekwama? Asiye na uzoefu huzima kila kitu na kuwasha upya. Huyo ni sawa na kamanda anayemwadhibu mlinzi wa lindo kwa sababu ripoti haikufika, kumbe imelala mfukoni mwa dereva.

Wataalamu husaka hitilafu kwa amri za maandishi. Desturi ya kuunganisha amri ndogo kama mabomba, kila moja ikifanya kazi moja na kumpa jirani matokeo, ilitiwa katika mfumo wa Unix mwaka 1973 na Ken Thompson, kwa wazo la Doug McIlroy. Nayo foleni mashuhuri ya mikondo ya leo, Kafka, ilitoka katika kampuni ya LinkedIn na kutolewa kwa umma mwaka 2011. Ipo programu ndogo iitwayo kcat, kazi ya Magnus Edenhill, ambayo kwa amri moja huonyesha ujumbe wa mwisho uliofika katika foleni hiyo. Ukiuona nao ni mpya, umejua kuwa kifaa na mtandao ni wazima, nawe wahamia kiungo kinachofuata. Hapo huulizwa swali jingine: msomaji wa foleni yuko nyuma kwa ujumbe mangapi? Mrundikano ukiongezeka, huenda kosa liko kwake.

ZANA ZIBORESHWE VIPI?

Kwanza, zana imwezeshe mpelelezi kuona bila kuvuruga. Katika Kafka, mpelelezi akijiunga na kundi la msomaji aliye kazini, aweza kugawiwa sehemu ya ujumbe uliokuwa wa msomaji huyo. Amekuja kuchunguza wizi, naye amegeuka mwizi. Zana njema humpa kundi lake mwenyewe bila kuulizwa.

Pili, ionyeshe nyakati mbili: wakati jambo lilipotokea na wakati habari ilipofika. Tena itaje ni saa za wapi. Kompyuta nyingi huandika saa za Greenwich, zilizo nyuma ya Kampala kwa saa 3. Asiyelijua hilo atadhani ripoti mpya ni ya zamani, naye atafuata kosa lisilokuwapo.

Tatu, amri yenye hatari isubiri kuthibitishwa. Amri ya Kafka ya kurudisha msomaji nyuma kwenye foleni ni mfano wa kuigwa: ukiiandika hivi hivi, huonyesha tu litakalotendeka, haitendi mpaka uongeze neno la kutekeleza. Nasi katika ukadeti tulifunzwa hivyo hivyo: zoezi hufanywa kwanza bila risasi za moto.

Nne, kosa litajwe kwa lugha iliyo wazi: ujumbe gani, wa kifaa gani, umekataliwa na nani na kwa sababu gani. Neno "imeshindikana" peke yake halimfai mtu yeyote, kama vile ripoti isemayo "kuna adui" bila kutaja yuko wapi.

Hivyo basi, iwe ni namba za vumbi au ripoti za lindo, kanuni ni moja: fuata njia kiungo kwa kiungo, usiguse ulichokuja kukitazama, na usimhukumu mtu kabla hujafika mahali ripoti ilipokatikia. Matarishi wa mwaka 1890 hawakuwa na njia ya kujitetea. Sisi tunayo, nasi tuitumie.